Siku Shehena ya Takataka Ilipoigonga Mir

Aleksandr Lazutkin alikuwa amebandika uso kwenye dirisha dogo la kituo cha anga cha Mir, akitafuta chombo cha mizigo. Alijua kipo. Kilikuwa na urefu wa mita 7 na uzito wa tani kadhaa, na kilikuwa kinawajia. Lakini chini yake aliona mawingu ya dunia tu, meupe pe, na pale ambapo mawingu hayakumzuia, paneli za sola za kituo chenyewe zilimkinga.

Nyuma yake, mkuu wa msafara, Vasily Tsibliyev, alikuwa ameshika vishikio viwili vya usukani na kukodolea macho skrini. Mkono wa kushoto ulisogeza chombo mbele, nyuma na kando. Wa kulia ulikigeuza. Mtu wa tatu, Michael Foale, Mmarekani mzaliwa wa Uingereza, alihama dirisha hadi dirisha na kipimaumbali cha leza mkononi, akitafuta kitu cha kukilenga. Hakukipata.

Ilikuwa Jumatano, Juni 25, 1997. Chombo walichokisubiri, Progress M-34, hakikuwa na mtu ndani. Kilijaa takataka za kituo. Siku moja kabla kilikuwa kimefungwa salama kwenye gati lake, na desturi ilikuwa kwamba kikishajazwa taka kinaachiliwa kishuke na kuungua kwenye hewa ya juu. Safari hii kilifunguliwa, kikasogezwa mbali, kisha kikaitwa kirudi. Sababu ilikuwa moja tu: wakubwa wa Moscow walitaka kuona kama mwanadamu anaweza kukileta gatini kwa mkono wake, bila msaada wa rada.

Jaribio hilo lilichukua dakika chache. Historia yake ilikuwa imeanza miaka 30 nyuma, na kilicholisukuma hasa hakikuwa sayansi bali bei ya kifaa kimoja.

Kiswahili kimeliacha neno lile lile, chombo, litumike kwa jahazi la Lamu na kwa mtambo unaozunguka dunia, na kwa kazi ya kufunga gati neno hilo linatosha pande zote mbili. Baharini nahodha hupunguza mwendo, huusoma mkondo, hurusha kamba. Angani hakuna kamba wala breki. Vyombo viwili vinakwenda kilomita zaidi ya 7 kila sekunde, kila kimoja kwenye njia yake, na kazi ni kuvisogeza mpaka tofauti ya mwendo kati yao iwe sentimita chache kwa sekunde. Nahodha wa angani anahitaji kujua mambo mawili kabla ya yote mengine: yuko umbali gani, na umbali huo unapungua kwa kasi gani. Asipovijua hivyo viwili, anakisia.

Wamarekani waliianza kazi hii kwa mikono. Machi 16, 1966, Neil Armstrong na David Scott waliiunganisha Gemini 8 na chombo kisicho na watu kiitwacho Agena, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa vyombo viwili kuungana angani. Furaha haikudumu. Injini ndogo moja ya Gemini ilikwama ikiwa wazi, chombo kikaanza kuzunguka kama pia, na ikabidi safari ikatizwe. Warusi walishika njia nyingine. Oktoba 30, 1967, vyombo vyao viwili, Kosmos 186 na Kosmos 188, vilitafutana kwa rada na kuungana bila mtu yeyote ndani. Tangu hapo ikawa mila ya Baikonur, uwanja wao wa kurushia vyombo: mashine ndiyo inayoendesha, mwanaanga anasimamia, na anashika usukani pale tu mashine inaposhindwa.

Mwanzoni mfumo uliofanya kazi hiyo uliitwa Igla, yaani sindano. Baadaye ukaja Kurs, ulioweza kukiongoza chombo hadi gatini bila kukitaka kituo kijigeuze kukilaki. Kurs ilipima umbali, ikapima kasi, ikapima pembe, na Progress zikawa zinakuja na chakula, maji na mafuta kama daladala zenye ratiba.

Hata hivyo Warusi walikuwa na kumbukumbu moja ya fahari kuhusu mkono wa binadamu. Mwaka 1985 kituo chao cha Salyut 7 kilizimika chote, hakina umeme, hakijibu wito. Mwezi Juni, Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walipanda kwa chombo cha wanaanga, Soyuz T-13, na Dzhanibekov akakifunga chombo chake kwenye kituo hicho mfu kwa mkono, akipima umbali kwa kipimaumbali cha leza. Walikuta baridi kali na giza, wakakifufua kituo. Hadithi hiyo ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini Dzhanibekov alikuwa ndani ya chombo alichokiendesha, akitazama nje kwa macho yake mwenyewe.

Mir, ambayo kwa Kirusi ina maana ya amani na pia ulimwengu, ilianza na sehemu moja iliyorushwa Februari 20, 1986. Kila baada ya miaka kadhaa iliongezwa chumba: Kvant mwaka 1987, Kvant-2 mwaka 1989, Kristall mwaka 1990, Spektr mwaka 1995, na Priroda mwaka 1996. Mwishowe kilikuwa kijumba cha takriban tani 130 chenye vyumba vilivyotoka pande zote za kiungo kimoja, na kila chumba kikiwa na paneli zake za sola. Ili umeme wa chumba kimoja ufike kingine, nyaya zilipitishwa kwenye milango. Mabomba ya hewa yakapita humo humo. Kwa miaka mingi hakuna aliyehitaji kuifunga milango hiyo, na nyaya zikazidi kuongezeka.

Desemba 1991 Umoja wa Kisovyeti ulivunjika. Sergei Krikalev alikuwa juu, ndani ya Mir. Aliondoka duniani akiwa raia wa nchi moja na mwezi Machi 1992 akarudi kwenye nchi nyingine. Baikonur ikajikuta ndani ya Kazakhstan. Na vifaa vya Kurs vilikuwa vikitengenezwa Kiev, ambao sasa ulikuwa mji mkuu wa taifa jingine, lenye sarafu yake na bei zake.

Bei hizo zilipanda. Progress ni chombo cha safari moja. Kikishamaliza kazi kinaungua. Kwa hiyo kila mzigo wa chakula uliopelekwa Mir ulimaanisha kununua vifaa vingine vya rada kutoka Ukraine, kwa pesa ambazo Urusi ya miaka ya 1990 haikuwa nazo. Wahasibu waliangalia orodha ya gharama na kuona mstari unaoweza kufutwa. Ndani ya Mir tayari kulikuwa na mfumo wa akiba uitwao TORU: skrini, vishikio viwili, na kamera iliyofungwa kwenye Progress. Kama wanaanga wangeweza kuutumia TORU kila mara, Kurs ingeachwa.

Mfumo huo ulikuwa umeshaonyesha uwezo wake. Mwishoni mwa Agosti 1994, Progress M-24 ilishindwa kufunga mara mbili, na mara ya pili ilikigusa kituo. Septemba 2, Yuri Malenchenko alikaa kwenye TORU na kuifunga bila tatizo. Lakini aliutumia kwa dharura, Kurs iliposhindwa. Kilichopangwa mwaka 1997 kilikuwa kuitafuta dharura kwa makusudi.

Tsibliyev, aliyeangukiwa na kazi hiyo, alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe ya kugusana angani. Januari 14, 1994, akiondoka Mir kwa Soyuz TM-17 na kuizunguka ili ipigwe picha, chombo chake hakikuuitikia usukani kama alivyotarajia, kikaigusa sehemu ya Kristall. Hakuna aliyeumia. Miaka mitatu baadaye alirudi Mir kama mkuu wa msafara, akiwa na Lazutkin ambaye hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza.

Walifika Februari 1997 na kukuta kituo kimejaa watu. Msafara uliotangulia ulikuwa bado haujaondoka: Valery Korzun, Aleksandr Kaleri na Mmarekani Jerry Linenger. Pamoja na Tsibliyev na Lazutkin alikuja Mjerumani, Reinhold Ewald. Watu sita walivuta hewa ya mitambo iliyotengenezwa kwa ajili ya watatu, kwa hiyo pengo lilijazwa kwa kuwasha mitungi ya kemikali ambayo ikipata moto hutoa oksijeni.

Usiku wa Jumapili, Februari 23, Lazutkin aliwasha mtungi mmoja ndani ya Kvant. Badala ya kutoa hewa polepole, ulilipuka kwa ndimi za moto. Moto huo haukuweza kukoseshwa hewa kwa kufunikwa, kwa maana ulijitengenezea oksijeni yake wenyewe. Moshi ulijaa vyumba vyote hadi mtu hakuona kiganja chake. Vizimamoto vingine vilikuwa vimefungwa ukutani kwa nguvu tangu siku ya kurushwa na havikubanduka. Barakoa ya kwanza aliyoivaa Linenger haikufanya kazi. Na moto ulikuwa katikati ya njia ya kuiendea Soyuz mojawapo, maana yake watatu kati yao hawakuwa na pa kukimbilia. Korzun aliupiga moto kwa kizimamoto baada ya kizimamoto mpaka mtungi ukajimalizia. Taarifa ya awali kutoka chini ilisema moto ulidumu sekunde 90. Waliokuwemo walisema ulidumu dakika nyingi zaidi.

Korzun, Kaleri na Ewald waliondoka Machi 2. Siku mbili baadaye, Machi 4, Tsibliyev aliamriwa kufanya jaribio la kwanza la TORU kwa Progress M-33.

Skrini haikuonyesha kitu. Kamera ya Progress ilikuwa imewashwa, chombo kilikuwa njiani, lakini picha haikufika. Tsibliyev alikaa mbele ya kioo kitupu akiwa na vishikio mkononi, wenzake wakakimbilia madirishani. Walipokiona kilikuwa karibu na kinazidi kuja. Alisukuma usukani kwa kukisia, na Progress ikapita pembeni umbali wa mita zipatazo 200.

Chini, wataalamu walikaa kutafuta chanzo. Waliamua kwamba mawimbi ya rada ya Kurs ndiyo yaliyovuruga picha ya televisheni. Dawa yao ilikuwa fupi: jaribio lijalo, rada izimwe. Hivyo picha ingepatikana, lakini vile vipimo viwili, umbali na kasi, vingepotea. Badala yake Tsibliyev angekadiria umbali kwa kulinganisha ukubwa wa Mir kwenye skrini na mistari ya vipimo iliyochorwa juu yake, na wenzake wangempigia hesabu kwa leza kutoka madirishani.

Kati ya Machi na Juni kituo hakikuwapa nafasi ya kupumua. Mabomba ya kupooza yalivuja kemikali, mtambo mkuu wa oksijeni ulikufa mara kwa mara, joto lilipanda, na siku zilipita wakiwa wamejikunja nyuma ya makabati wakitafuta nyufa. Foale alifika kwa chombo cha Marekani, Atlantis, mwezi Mei kuchukua nafasi ya Linenger, akapewa chumba cha kulala ndani ya Spektr. Mkataba wa mwanaanga wa Kirusi ulikuwa na malipo ya ziada kwa kazi ngumu kama kufunga chombo kwa mkono, na makato kwa kazi iliyoharibika. Amri ilipokuja kwamba jaribio lirudiwe, hapakuwa na wa kuipinga.

Tazama alichokuwa anakiona Tsibliyev siku hiyo. Kamera ilikuwa kwenye Progress, si kwenye Mir. Kwa hiyo skrini ilimwonyesha nyumba yake mwenyewe ikitazamwa kwa nje na kwa mbali: doa dogo lenye mbawa za sola, linaelea juu ya mawingu yanayokimbia. Progress ilikuwa juu ya kituo, inashuka, hivyo nyuma ya picha ilikuwa dunia yenyewe, na Mir ilimezwa na weupe wake. Ni kama mtu aliyekaa sebuleni akirudisha lori gereji kwa kutazama picha inayotoka kwenye lori, na gereji yenyewe imeegemea ukuta wa sebule.

Kwa muda mrefu doa lile lilionekana halikui. Progress ilikuwa inakuja, lakini kwenye skrini mabadiliko yalikuwa madogo mno kwa jicho. Tsibliyev aliwauliza wenzake kama wanakiona. Hawakukiona. Kisha, kama ilivyo kwa kila kitu kinachokuja moja kwa moja kuelekea mtazamaji, picha ilianza kukua kwa ghafla. Alivuta breki, yaani aliwasha injini ndogo za kurudi nyuma, na akaendelea kuziwasha. Chombo kilikuwa kizito na mwendo ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani.

Lazutkin alikiona kikitokea nyuma ya paneli ya sola, kimejaa dirisha zima. Alimpigia kelele Foale aingie Soyuz. Foale alijirusha kuelekea kiungo cha vyumba, na alipokuwa njiani, kituo kikatikisika.

Progress ilipita gati lake ikaivaa Spektr kwa mwendo wa takriban mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Iliitoboa paneli ya sola, ikakunja bamba la kupooza joto, ikadunda na kuondoka zake. Halafu masikio yao watatu yakaziba na kuzibuka, jinsi yanavyofanya gari likiteremka mlima. King'ora kikalia. Hewa ilikuwa inatoka.

Hakuna kituo cha anga chenye watu kilichokuwa kimewahi kutobolewa kwa kugongwa kabla ya siku hiyo. Utaratibu ulikuwa wazi: presha ikishuka chini ya kiwango, ingieni Soyuz, ondokeni. Foale alianza kuiandaa Soyuz. Lakini Lazutkin alikuwa ameona ni wapi pamegongwa, akaenda mlangoni pa Spektr na kuanza kuchomoa nyaya.

Zilikuwa 18. Zote zimepita katika mlango ule ambao tangu 1995 haukufungwa. Zilizokuwa na viungio alizitenganisha kwa mikono. Zisizokuwa navyo alizikata kwa kisu, cheche zikiruka. Foale, ambaye mwanzoni hakuelewa anafanya nini, akajiunga naye. Walipomaliza walishika mlango wa ndani wakavuta. Haukusogea: hewa yote ya Mir ilikuwa inakimbilia Spektr, na upepo huo uliushikilia mlango wazi kuliko nguvu za watu wawili wanaoelea. Waliangaza macho wakaona mfuniko mwepesi uliowekwa pembeni kwenye kiungo. Wakaupachika upande wao. Hewa ile ile iliyouzuia mlango ikaunyonya mfuniko na kuubana kwa nguvu kwenye tundu la mlango, na mvumo ukakatika.

Presha ilisimama. Mle ndani ya Spektr, upande wa pili wa mfuniko, kilibaki kitanda cha Foale, nguo zake, picha zake na majaribio yake ya kisayansi, vyote katika ombwe.

Na karibu nusu ya umeme wa Mir ilibaki humo humo, kwa sababu paneli nne za Spektr zilikuwa zimekatwa pamoja na nyaya. Mgongano ulikuwa umekisukuma kituo kikaanza kujizungusha, na paneli zilizobaki hazikulielekea jua. Betri zikaisha. Taa zilizimika, kompyuta zikazimika, kisha feni moja baada ya nyingine. Angani hewa ya moto haipandi, hivyo feni zikisimama pumzi aliyoitoa mtu hukaa mbele ya uso wake kama wingu. Asipojisogeza ataivuta tena hiyo hiyo. Walioishi Mir walizoea mvumo wa feni usiku na mchana. Sasa kulikuwa kimya kabisa, na dirishani dunia na nyota zilipita kwa zamu.

Kusimamisha mzunguko kulihitaji kujua kasi yake, na vyombo vya kuipima vilikuwa vimekufa. Foale, msomi wa fizikia ya nyota kutoka Cambridge, alikwenda dirishani, akanyoosha mkono, akasimamisha kidole gumba mbele ya nyota na kuhesabu sekunde nyota zilizotumia kupita upana wake. Alipata makisio ya mzunguko, yakapelekwa kwa redio hadi kituo cha uongozi cha Korolyov, karibu na Moscow. Kutoka chini injini za Mir ziliwashwa kwa hesabu hiyo ya kidole, na mzunguko ukapungua. Kituo kilipoyumba tena bila umeme, waliingia Soyuz na kutumia injini zake, wakiisukuma nyumba yote ya tani zaidi ya 100 kwa chombo kilichofungwa mlangoni pake, mpaka paneli zikalielekea jua. Ilichukua zaidi ya siku moja taa kuanza kurudi.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa mikosi iliyofuatana. Progress M-35 ilifika salama mwanzoni mwa Julai na mfuniko maalumu wenye viungio vya nyaya, ili umeme wa Spektr urejeshwe bila kukifungua chumba. Lakini vipimo vya moyo wa Tsibliyev vilionyesha mapigo yasiyo sawa, akakatazwa kuifanya kazi hiyo. Julai 17 kebo moja muhimu ilichomolewa kimakosa, na kituo kikapoteza mwelekeo tena. Ikaamuliwa kazi ngumu iwasubiri watu wapya.

Watu hao, Anatoly Solovyov na Pavel Vinogradov, walifika Agosti 7. Tsibliyev na Lazutkin walishuka Agosti 14. Hata kutua kwao hakukuwa kwa kawaida: injini ndogo za Soyuz zinazopaswa kuwaka inapokaribia ardhi, ili kupunguza kishindo, hazikufanya kazi kwa wakati wake, wakagonga nyika ya Kazakhstan kwa nguvu. Walikuwa hai. Walipotoka walikuta lawama zimewatangulia. Maofisa walizungumzia kosa la binadamu, na Rais Boris Yeltsin naye aliligusa hilo. Tsibliyev aliwaambia waandishi wa habari kwamba kutafuta mbuzi wa kafara ni desturi ya siku nyingi nchini kwake.

Alikuwa na hoja. Yeye ndiye aliyekuwa na usukani, na ndiye aliyechelewa kufunga breki. Lakini hakuizima yeye rada. Hakuchagua njia iliyoiweka Mir mbele ya mawingu, na siyo yeye aliyeacha nyaya 18 zipite kwenye mlango wa dharura. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwenye Mir nahodha alikuwa mmoja, na waliompa ramani walikuwa wengi.

Agosti 22, Solovyov na Vinogradov walivaa mavazi ya anga na kuingia Spektr kutoka ndani ya kituo, huku Foale akisubiri kwenye Soyuz. Kabla hawajaanza, Vinogradov aligundua glavu yake inavuja hewa. Ikabidi warudishe presha, aibadilishe, waanze upya. Kisha waliunganisha nyaya 11 kwenye mfuniko ule mpya wakifanya kazi gizani, na umeme mwingi wa Spektr ukarudi Mir. Vinogradov alitoa na baadhi ya vitu vya Foale.

Jaribio lenyewe halikurudiwa. Kurs, ambayo gharama yake ndiyo iliyoanzisha yote, iliendelea kufungwa kwenye Progress, na baadaye ikahamia Kituo cha Anga cha Kimataifa. TORU pia ilibaki, ikiwa mahali pake pa awali, yaani akiba. Novemba 2000, kwenye kituo hicho kipya, Yuri Gidzenko aliitumia kuifunga Progress ambayo mfumo wake wa kujiendesha ulikuwa umeshindwa. Lazutkin alipewa nishani ya Shujaa wa Urusi mwaka 1998. Tsibliyev aliteuliwa mwaka 2003 kuongoza Kituo cha Mafunzo cha Gagarin, mahali ambapo kila mwanaanga wa Kirusi hujifunza kufunga chombo kwa mkono, akakiongoza hadi 2009.

Kilichobaki kutafutwa ni tundu. Septemba 6, 1997, Solovyov na Foale walitoka nje kwa takriban saa sita, wakakata tabaka za kinga za Spektr kwa kisu na kuchungulia chini yake. Hawakuliona. Foale aliporejea nyumbani kwa Atlantis mwezi uliofuata, hewa ilisukumwa ndani ya chumba kile ili waliokuwa kwenye Atlantis watazame inatokea wapi. Majibu hayakuwa wazi. Juni 1998 chombo kingine cha Marekani, Discovery, kilipokuwa kikiondoka Mir, Warusi waliingiza humo gesi inayong'aa ikipigwa na jua. Wanaanga waliizunguka Mir wakitazama madirishani kwa darubini na kamera. Hawakuona mwanga wowote.

Machi 23, 2001, Mir ilishushwa kwa makusudi kwenye Bahari ya Pasifiki ya Kusini. Chombo kilichoisukuma kuteremka kilikuwa Progress, kimefungwa kwenye gati lile lile la Kvant ambalo Tsibliyev alilikosa. Spektr ilikwenda nayo, mfuniko ukiwa bado mlangoni.